Jembe la Nukta Tatu

Kama umewahi kulima Mbozi, basi umewahi kushika jembe la akina Nzunda, au umeshika la mtu aliyejaribu kuwaiga akashindwa. Jembe lao hujulikana kwa shingo. Pale bamba linapokutana na mkia unaoingia kwenye mpini kuna vishimo vitatu vidogo vilivyogongwa kwa ncha ya chuma, viwili chini na kimoja juu, vimekaa kama mafiga. Watu huviita nukta. Bibi zetu wengi hawakujua kusoma, lakini nukta hizo walizisoma vizuri. Walipapasa shingo ya jembe kwa kidole gumba, na wakizikuta walifungua fundo la kanga bila kuuliza swali la pili.

Yonathani Nzunda, mhunzi wa Ihanda, ni wa tatu kuzigonga. Aliyezianza ni babu yake, ambaye utotoni aliwahi kuona tanuri la udongo lililozidi urefu wa mtu likiwashwa, watu wakiyeyusha mawe mpaka yatoe chuma. Hayo yalikufa majembe ya kiwandani yalipofika. Ukoo wa Nzunda haukufa nayo, kwa sababu ilikuja barabara kuu, na barabara ikaleta malori, na malori hayana adabu kwenye makorongo. Lori likivunja springi, dereva analia na mhunzi anatabasamu. Chuma cha springi kina tabia njema: ukikipasha mpaka kiwe na rangi ya papai lililoiva, ukakitumbukiza kwenye oili chafu, kinakuwa kigumu, ukikirudisha motoni kidogo, kinapata uvumilivu. Wahunzi wanasema kimenyweshwa. Chuma kilichonyweshwa vizuri, ukikigonga, kinaimba.

Na kama kuna mtu atasema chuma bora ni kile cha mbinguni, Kimondo kile kinachotazamwa na wageni kule Ndolezi, baba yake Yonathani alikuwa na jibu lake. Alisema chuma kile ni kizuri sana, ila tangu kidondoke hakijalima hata tuta moja.

Katika maneno ya namna hiyo ndimo Yonathani alimokulia. Sasa ana miaka hamsini na minane, mzee wa kanisa, mwimbaji wa besi, mikono imejaa makovu meupe ya cheche. Karakana yake ni mabati manne juu ya nguzo, karibu na kahawa yake. Feni ya kupulizia moto inazungushwa na gurudumu la baiskeli, na fuawe anapogongea chuma ni kipande cha reli ambacho hakuna aliyewahi kuuliza kilitoka wapi. Mkewe, Enesi, anachuma kahawa huku akisikiliza nyundo, na kwa mlio tu alikuwa anajua kama mumewe anatengeneza jembe, mundu au kisu cha kupogolea mibuni.

Mtu huyu alikuwa na kiburi, na hilo lisemwe mapema. Hakikuwa kiburi cha mali, kwa sababu hana. Kilikuwa kiburi cha mtu ambaye hajawahi kurudishiwa jembe.

Sasa kuna desturi moja ya ukoo wao ambayo bila kuijua huwezi kuielewa aibu iliyompata. Kwa akina Nzunda binti haolewi bila jembe. Ng'ombe watakuja, blanketi la bibi litakuja, koti la baba litakuja, lakini kwanza liingie jembe, ndilo linalofungua mlango. Baba wa binti hulishika karibu na sikio, akaligonga kwa msumari, akasikiliza. Kisha hulima nalo mapigo matatu mbele ya mlango wa nyumba, la kwanza kwa ajili ya waliokufa, la pili kwa ajili ya waliopo, la tatu kwa ajili ya watakaozaliwa. Likivumilia, shangazi analibeba ndani huku akipiga vigelegele, na jembe hilo linabaki kwa wazazi wa binti maisha yote, kama shahidi. Lisipovumilia, likapasuka au likajikunja, mkubwa wa ukoo anasema maneno mawili tu: jembe limekataa. Wageni hukusanya kila walichokuja nacho na kurudi walikotoka, waje siku nyingine na lingine. Chakula hakiliwi. Na hadithi ya siku hiyo huishi kuliko wao.

Familia nyingi siku hizi zimeligeuza jambo hili kuwa la picha. Jembe linafungwa utepe, linaguswa chini, simu zinapiga picha, basi, watu wanakwenda kula wali. Akina Nzunda hawakukubali kulegeza. Miaka sita iliyopita, Imelda, binti wa Danieli ambaye ni kaka yake Yonathani, alipotaka kuolewa na kijana wa Hasamba aitwaye Gwamaka, Danieli alimwachia mdogo wake kazi ya kupima. Gwamaka maskini alikuwa amenunua jembe jembamba la dukani. Yonathani aliligonga, akakunja uso, akalipiga chini mara moja tu likapinda. Angeweza kuishia hapo. Yeye akaliokota akalirusha nje ya ua juu ya michongoma, akasema, "Hili mkalie ugali." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wazee wa Hasamba walitoka mmoja mmoja wameinamisha vichwa, na Gwamaka alikuwa wa mwisho. Baada ya wiki mbili alikuja karakanani peke yake, akamwomba Yonathani mwenyewe amtengenezee jembe, akarudi nalo kwa Danieli, akaoa. Hakuwahi kulizungumza. Yonathani ndiye aliyelizungumza, kila harusi.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Mambo yalianza kuharibika springi zilipoadimika. Wanunuzi wa vyuma chakavu walifika mpaka vijijini na mizani zao, wakapakia kila kitu, na springi zikapanda malori kwenda kuyeyushwa mbali. Yonathani alikaa wiki nzima bila kuwasha moto. Ndipo alipokuja Ayoub, mfanyabiashara wa Tunduma anayeuza zana za shamba karibu na mpaka, mtu mchangamfu wa maneno mengi. Alikuja na pikapu ya mabamba yaliyokatwa kutoka kwenye bodi za malori mabovu.

"Mzee wangu, chuma si hiki hapa," alisema akiyashusha. "Kata, piga, paka rangi. Wazambia wanakuja pale asubuhi, mulishani mulishani, ndiyo salamu yao, wanauliza jembe. Nami nawajibu nini?"

"Hiki ni laini, Ayoub. Ukikinywesha hakinyweki."

"Kwani wao watakinywesha? Wao wanalima tu."

Yonathani alicheka, na kicheko hicho ndicho alichokuja kukijutia kwanza. Alijiambia ni majembe ya bustani, ya kupalilia mchicha. Akayakata, akayapiga, akayapaka rangi nyeusi, na hakuyagonga nukta. Aliona kwamba kwa kutoyagonga amekuwa mkweli. Ayoub alirudi baada ya mwezi nayo karibu yote. Hayauziki, alisema, watu wanapapasa shingo kisha wanayarudisha. Wanataka nukta.

Yonathani alingoja mpaka Enesi alipokwenda mashineni kusaga. Alitoa kile kichuma cha ncha alichoachiwa na baba yake, kinene kama kidole gumba, kilichong'aa kwa kushikwa na vizazi vitatu. Ilikuwa mchana kweupe, kuku wanachakura, redio ya jirani inasoma matangazo ya vifo. Aligonga jembe la kwanza nukta tatu, akatazama njia ya mashineni. La pili hakutazama sana. Kufikia la kumi alikuwa anapiga mluzi.

Ilikwenda hivyo misimu mitatu. Springi zikipatikana alitengeneza majembe ya kweli kwa watu wa Ihanda, kwa sababu watu wa Ihanda anawaona kanisani. Yale ya bodi yalishuka Tunduma, yakavuka mpaka, yakateremka Momba, kwa watu asiowajua sura. Siku moja Enesi, akiwa anaanika kahawa, alimuuliza, "Baba Goodness, mbona nyundo yako siku hizi haiimbi?" Akamjibu kwamba masikio ya Mama Goodness yanazeeka. Enesi akaendelea kugeuza kahawa.

Goodness, binti yao wa mwisho, alikuwa anafanya kazi katika duka la dawa Tunduma, na huko akampata Jastin, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Msangano, kule bondeni Momba, na ng'ombe wao zamani. Baba yake Jastin anaitwa Luhende, mama yake Nyanzobe. Mshenga akaenda na kurudi, barua zikasomwa, na siku ikawekwa mwezi wa saba, kahawa ikiwa imeshachumwa na ardhi imekauka kama tofali. Goodness aliwaeleza wakwe zake desturi ya jembe, na kwa mapenzi tu, akawaeleza na la kununua.

"Tafuteni lenye nukta tatu shingoni," aliwaambia. "Baba akiona kazi ya mkono wake mwenyewe inarudi kwake kama heshima, atalia."

Wageni walifika siku hiyo na Noah mbili zenye vumbi la bondeni. Luhende alikuwa mzee mrefu mwenye kofia pana, aliyeivua alipoingia uani na hakuivaa tena. Nyanzobe alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, mikono yake mipana ameilaza mapajani. Ukoo wa Nzunda ulikuwa umejaa kwenye viti vya kukodi, Danieli katikati kwa kuwa ndiye mkubwa, na miongoni mwa wakwe alikuwepo Gwamaka, ameketi nyuma na Imelda, mtoto amelala begani. Jikoni pilau ilikuwa inanukia.

Luhende alisimama na kulitoa jembe lililoviringishwa kwenye kitambaa cheupe. Mpini wake ulikuwa mpya, umepakwa mafuta.

"Mzazi mwenzangu," alisema, "sisi ni watu wa ng'ombe, majembe hatuyajui sana. Lakini hili tumelitafuta. Kule Tunduma tumeonyeshwa mengi ya bei rahisi, tukasema hapana. Tunampelekea mhunzi jembe la mhunzi."

Watu wakapiga makofi. Yonathani alilipokea kwa mikono miwili, akapapasa shingo kwa kidole gumba, akazikuta nukta tatu. Aliomba kimoyomoyo liwe miongoni mwa yale ya springi, kwa kuwa machache yalifika Tunduma pia. Akaliinua karibu na sikio, akapokea msumari, akagonga.

Likasema du, kama sufuria yenye maharage.

Hakuna mwingine aliyesikia, isipokuwa labda Enesi, aliyesimama mlangoni pa jiko na mwiko mkononi. Yonathani aligonga tena, akijifanya anasikiliza kwa makini. Akilini mwake alianza kupima ua wote, na akakumbuka kwamba pembeni, karibu na pipa la maji, Enesi huwa anamwaga maji ya kuoshea vyombo, na udongo pale ni laini. Akaanza kuelekea huko polepole, kama mtu anayetafuta mahali pazuri pa kusimama.

"Hapo ni tope, mdogo wangu," Danieli alisema. "Mlangoni."

Watu wakacheka kidogo. Yonathani akarudi mlangoni. Angeweza kupiga kwa upole, na alijua hivyo. Lakini ukoo mzima ulikuwa umeuona mkono wake miaka sita iliyopita, na ukimpigia mkweo kwa nguvu huwezi kujipigia mwenyewe kwa kubembeleza. Akainua. Pigo la kwanza, la waliokufa, likaingia nusu kidole. La pili likagota kwenye kokoto. Alipolivuta, kona nzima ya jembe ilikuwa imekunjika kama kona ya daftari la mtoto.

La tatu hakulipiga.

Goodness, aliyekuwa amechungulia dirishani na mashoga zake, alivuta kitenge akajifunika mdomo. Danieli aliinuka taratibu. Haya yalikuwa maneno mazito, na hakuyapenda, lakini desturi ni desturi.

"Jembe limekataa," alisema.

Luhende alisimama katikati ya ua na kofia yake mkononi. Mzee yule aliinama, akainama kabisa mbele ya Yonathani, mtu mdogo kwake kwa umri.

"Tusameheni," alisema. "Tumewaletea aibu nyumbani kwenu, mbele ya watu wenu. Ni ushamba wetu. Tuliuziwa tukaamini. Mturuhusu turudi, tutafute lingine, hata kama ni mbali."

Hapo ndipo Yonathani alipaswa kusema, na hakusema. Alisimama na jembe lake mkononi akamwacha mzee wa watu aombe msamaha. Alijiambia kwamba watarudi, watanunua lingine, yeye mwenyewe atahakikisha kwa siri linakuwa la springi, harusi itapita. Alijiambia yote hayo kwa muda wa pumzi mbili. Vijana wa Msangano walikuwa wameshaanza kubeba mablanketi kuyarudisha kwenye gari. Jastin alikuwa anatazama chini.

Nyanzobe naye aliinuka ili aondoke. Alipopita mbele ya Yonathani alisimama, akalitazama lile jembe, akanyoosha kidole akaigusa kona iliyokunjika. Alisema kwa sauti ya chini, kama anazungumza na mumewe tu.

"Limejikunja vilevile kama la kwangu."

"Lipi?" Luhende aliuliza.

"Lile la mwaka juzi, na lile ulilonunua baada yake. Yote yana hizi nukta." Akaitazama mikono yake. "Ulinigombeza msimu mzima kwamba sijui kulima, navunja majembe mazuri. Nami nilidhani kweli ni mikono yangu. Nilikuwa nayanyoosha kwa jiwe kabla hujaamka."

Luhende alimtazama mkewe, kisha akatazama pembeni.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini unauma kama mwingine. Yonathani alihisi uso unamwaka kuliko siku yoyote aliyowahi kukaa mbele ya moto. Alijionea aibu mbele ya yule mama, akamwonea aibu baba yake aliyeko kaburini hatua arobaini kutoka pale. Alipofungua mdomo, besi yote ya kwaya ilikuwa imepotea.

"Kaeni," alisema. "Rudisheni vitu chini. Jembe hili halijakatalia hapa."

Danieli akageuka. "Unasema nini?"

"Lilikataa kwangu, karakanani. Hiki si chuma cha jembe, ni bodi ya lori. Nimelipiga mimi, nikijua halinyweki. Nikaligonga nukta za baba, nikijua. Yako mengi." Akamgeukia Nyanzobe, lakini macho hayakufika usoni kwake, yaliishia kwenye mikono yake. "Mama, mikono yako haina kosa. Kosa ni la mkono huu."

Angetukanwa angefarijika. Hakuna aliyemtukana. Wazee wa ukoo walitazama viatu vyao. Shangazi, aliyekuwa amejiandaa na vigelegele, alikaa kwenye kiti akaweka mkono shavuni. Enesi aliingia jikoni, akafunga mlango. Goodness ndiye aliyetoka, akaja mpaka mbele ya baba yake na vazi lake la siku ile, akasimama.

"Baba, mimi ndiye niliyewaelekeza," alisema. "Niliwaambia utalia."

Na kweli alikuwa analia. Hakuna aliyeweza kulicheka hilo.

Danieli alikuwa katika wakati mgumu. Wageni hawana kosa, hivyo kuwarudisha ni dhuluma. Lakini mlango haufunguki bila jembe, na jembe hawakuwa nalo. Wazee walinong'ona. Mmoja akasema leteni lolote, mwingine akasema lolote ndilo lililotufikisha hapa. Ndipo kutoka nyuma sauti ikasema, "Langu lipo."

Alikuwa Gwamaka. Alimpa Imelda mtoto akasimama. Hakutabasamu, wala hakumtazama Yonathani.

"Jembe nililoolea lipo hapo kwa baba mkwe, juu ya dari," alisema. "Lilipimwa likakubali. Waazimeni wageni walilete wao. Wakipata lingine watalirudisha."

Danieli akatikisa kichwa kukubali. Mtu akatumwa nyumba ya pili. Jembe likaja na utando wa buibui, Gwamaka akalifuta kwa shati lake, akamkabidhi Luhende kwa mikono miwili, na Luhende akampelekea baba wa binti.

Yonathani hakulipokea.

"Apime kaka," alisema. "Mimi mkono wangu haufai leo."

Basi ilikuwa hivyo. Siku ya mahari ya binti yake wa mwisho, mhunzi alisimama kando karibu na pipa la maji, penye tope, na kaka yake mkulima, asiyejua hata kushika koleo la mhunzi, akaligonga jembe karibu na sikio. Likaimba. Mlio ule ulikwenda mpaka kwenye mibuni. Danieli akapiga la waliokufa, la waliopo, la watakaozaliwa, akalima hasa, na shangazi akalibeba ndani, vigelegele vikatoka vimechelewa kidogo. Watu walikula. Yonathani alinawa, akakaa mbele ya sahani yake, na pilau hakuigusa.

Jumapili alimwandikia mchungaji kwamba anajiuzulu uzee wa kanisa. Ayoub alipiga simu, hakupokea. Kile kichuma cha ncha alikiviringisha kwenye kitambaa, akampa Enesi akiweke anapojua yeye. Goodness alimsalimia asubuhi na jioni, shikamoo baba, bila neno la ziada. Ilikuwa adabu kamili, nayo ilimuumiza kuliko kununiwa.

Wiki hiyo alinunua springi mbili kwa wale wale wa mizani, kwa bei waliyoitaka. Akapiga majembe mawili, akayanywesha, akayasikiliza mara nyingi kuliko lazima, akapanda gari mpaka bondeni, kisha bodaboda mpaka Msangano. Luhende hakuwepo, alikuwa machungani. Nyanzobe alimkaribisha kivulini mwa nyumba, akampa maji. Majembe mawili ya zamani yalikuwa yameegemezwa ukutani, makali yake yana mabonde mabonde ya kugongwa kwa jiwe. Nukta zilikuwa bado zinaonekana vizuri sana.

"Nimekuletea badala, mama," Yonathani alisema.

Nyanzobe alilichukua moja, akapapasa shingo. "Haya hayana alama."

"Hayana."

Alitafuta jiwe dogo, akaliinua jembe karibu na sikio kama alivyomwona Danieli akifanya, akagonga. Yonathani alisimama mbele yake mikono nyuma, na kwa mara ya kwanza maishani akajua wanavyojisikia wanaoleta jembe. Likaimba. Nyanzobe alilipiga chini kwa nguvu zake zote, mara tatu, akakagua makali.

"Hili zuri," alisema. Kisha akauliza, bila ubaya, "Na yale mengine?"

"Yapi, mama?"

"Waliyonunua wengine."

Nyanzobe hakungoja jibu. Aliyachukua yale mawili ya ukutani, akampa, akasema asafiri salama.

Njiani kurudi, bodaboda ilipita kando ya mto, penye bustani za mboga za kiangazi. Wanawake walikuwa wanachimba matuta. Mmoja, kijana tu, alisimama katikati ya tuta, akageuza jembe lake, akaliweka juu ya jiwe, na kwa jiwe lingine akaanza kuigonga ncha. Aligonga haraka haraka akitazama nyuma, kama mtu anayeficha kitu. Mlio ulifika mpaka barabarani, du, du, du.

"Wanawake wa huku, mzee," dereva alisema akicheka, "hawajui kulima. Kila msimu majembe yanawajikunjia."

Yonathani alimgusa begani, akamwambia asimame. Alishuka na majembe yake mawili mabovu mkononi, akaanza kukatiza matuta kumfuata yule dada, akitafuta pa kuanzia kumwambia.